Kitambaa Juu ya Sanduku la Sauti

Mkwe wangu Uthmani alizaliwa amechelewa wiki mbili, na toka siku ile hajachelewa tena popote. Mkunga aliyempokea mi nilimjua. Alisema mtoto alitoka kauinua mkono wake wa kushoto, anautazama pale kwenye kifundo, kama mtu anayeuliza ni saa ngapi. Binti yangu Assia, ambaye ndiye mke wake na ndiye anayeniandikia haya, ananiambia, "Mama, hiyo apana kweli." Andika tu, mwanangu. Wewe ulikuwepo?

Kibanda chake kilikuwa kule mtaa wa Buyenzi, cha mbao, upana wake kama mlango. Ndani mlikuwa na saa mia mbili, na ikifika saa sita kamili zote zililia pamoja mpaka mbuzi wa jirani wakaacha kula. Mwaka mmoja kiboko alipanda kutoka ziwani, akapita barabarani na tumbo lake linalia tik, tak, tik, tak. Watu walikimbia. Uthmani hakukimbia. Alitega sikio, akasema, "Hiyo inachelewa dakika tano kwa siku." Kiboko akarudi ziwani na aibu yake.

Basi ndivyo alivyokuwa: mpole, mwembamba, na jicho moja dogo kuliko jingine kwa sababu ya kile kioo cha mafundi wa saa.

Vita ilipokuja, watu wakaacha kutengeneza saa. Nani anahangaika kujua dakika, wakati serikali yenyewe imekuambia saa ya kuwa ndani? Uthmani akaanza kufungua redio, kisha simu, kisha ordinateri, hizi mnazoita kompyuta. Alisema ordinateri ni saa yenye kiburi. Ukiifungua bila haraka, inasema yote.

Dada yake mkubwa, Fatouma, ndiye aliyemlea. Asubuhi moja ya mwaka 1995 alimletea saa yake ya mkono, ndogo ya kike, ya mkanda mwekundu. "Ifanye, we mtoto," akamwambia, "naifuata saa kumi." Saa kumi Fatouma hakurudi. Kumbe tangu saa nane mtaa uliwaka moto, kila mtu akakimbia na njia yake, na yeye akarukia lori lililokuwa linaelekea Tanzania. Nyumba yao ikaungua, kibanda kikaungua. Uthmani alitoka na koti lake, na ndani ya koti ile saa ya mkanda mwekundu. Akaimaliza jioni ileile. Kisha kwa miaka tisa, kila asubuhi kabla ya chai, akawa anaitia ufunguo.

Katika miaka hiyo alimwoa Assia wangu, akahamia kwetu, mtaa mwingine kabisa. Fatouma alikuwa hamjui Assia. Mi alikuwa hanijui. Alikuwa hajui kama kuna mlango wa kugonga.

Mwaka 2004 mi nilikuwa nafagia biro, yaani ofisi, ya studio moja kule Rohero, mjini kati. Kazi ya studio ile ilikuwa salamu. Watu walioko kambini Tanzania walisema salamu zao kwenye kaseti, kaseti zikaletwa, madamu Adélaïde, mkubwa wa studio, akazimimina zote ndani ya sanduku moja jeusi, na Jumapili redio ikazitangaza. Kaseti zilikuwa chache, kwa hiyo baada ya kumiminwa zilirudishwa kambini wengine warekodi juu ya salamu za kwanza. Sauti zote za mwaka mzima zilibaki ndani ya lile sanduku. Lilikuwa na disiki nne zilizosimama bega kwa bega kama mikate, na ordinateri zote za studio zilichota humo kwa nyuzi.

Lilikuwa sanduku zuri, lakini uchi. Kwetu redio haikai uchi, televisheni haikai uchi, hata kiti kina kitambaa chake. Nikalifumia kitambaa cheupe chenye maua, nikalifunika mpaka chini. Madamu Adélaïde akasema, "Yoo, Mama Assia, sasa biro inafanana na nyumba!" Alifurahi kabisa. Kila mtu alifurahi, isipokuwa taa ndogo nyekundu ya sanduku, iliyowaka chini ya kitambaa miezi miwili ikiita watu kwamba disiki moja imekufa, na mi nikiiona nilidhani ni pambo.

Sasa sikilizeni. Jumatatu moja ya mwezi wa sita madamu Adélaïde alikuwa anamimina kaseti mpya. Akasikia sauti ya mwanamke: "Mi Fatouma, namusalimia mdogo wangu Uthmani wa saa, wa Buyenzi..." Wakati uleule simu ikalia chumba cha pili, akaenda. Aliporudi kaseti ilikuwa imekwisha kuingia sandukuni. Akasema moyoni, Jumapili tutaisikia yote. Kaseti ikaondoka na wenzake kurudi kambini. Jumatano umeme ukakatika. Jioni ukarudi kwa hasira, sanduku likalia piii, likanyamaza.

Madamu Adélaïde mwenyewe ndiye aliyelileta kwetu asubuhi, amelipakata kwenye teksi. Alipomwambia Uthmani habari ya ile sauti, mkwe wangu alikaa chini pale pale, juu ya sahani ya mihogo.

"Alisema atakuja lini?" akauliza.

"Sijui, Uthmani. Nilisikia jina, nikaenda kwenye simu. Nisamehe."

Kila Alhamisi malori yalikuwa yanarudisha watu kutoka Tanzania. Lori la Fatouma lilikuwa la Alhamisi gani? Na akishuka, aende wapi? Kibanda majivu, nyumba majivu. Jibu lilikuwa mle sandukuni, na sanduku lilikuwa limekufa.

Uthmani akalifungua mezani kwetu. Akazichomoa zile disiki moja moja, na kila moja akaiandika namba kwa kalamu kufuata nafasi alipoikuta. Halafu akamweleza Assia, na mi nilisikia yote, kwa sababu mi nilikuwa nyuma ya pazia.

Hapa lazima niseme jambo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawali sahani moja, hawaulizani maneno ya aibu. Akiwa sebuleni, mi niko uani, katikati ni pazia, na neno likitaka kupita linapanda juu ya Assia. Miaka saba tumeishi hivyo vizuri sana. Mi namjua Uthmani kwa kikohozi.

"Disiki hizi," alimwambia Assia, "ni kama wanawake wanne wanatwanga majani ya sombe kwenye kinu kimoja. Kila mmoja anapiga kwa zamu yake. Kila mzunguko watatu wanapiga habari, na mmoja anapiga jumla ya wenzake, na hiyo jumla wanapokezana. Akifa mmoja, wale watatu wanakuambia yeye angesema nini. Wakifa wawili, sombe imemwagika."

"Hapa wamekufa wangapi?"

"Wawili. Mmoja amekufa zamani, amechakaa ndani, mi simwezi. Wa pili amekufa juzi, lakini ni kifo cha nje: ile kadi yake ya umeme, ya chini, imeungua. Tumbo liko zima. Nikimpata pacha wake, nikamvua kadi nikamvika huyu, atasema."

Pacha alipatikana mtaa wa Ngagara, kwa mzee Léonce, karani mstaafu, ambaye Uthmani aliwahi kumtolea sisimizi ndani ya ordinateri yake. Disiki yake ilikuwa ya aina ileile, mwaka uleule, hata namba. Mzee Léonce alisikiliza, akakuna kichwa.

"Fundi, mi sikatai. Lakini mutu wako akilazwa hospitali, unamuacha peke yake?"

"Apana, mzee."

"Basi na mi siiachi. Nakuja kumlinda mugonjwa wangu."

Na kweli alikuja, wallahi. Alikuja kama watu wanavyokwenda kulinda mgonjwa: mkeka, blanketi, kandambili, na sufuria ya maharage imefungwa kwa taulo. Akaweka kiti karibu na meza. Kila Uthmani alipogeuza bisibisi, mzee Léonce alikunja uso kama anayechomwa sindano.

"Anaumia?"

"Apana, mzee."

"Mpe polepole."

Bisibisi za duka hazikuingia, kwa sababu parafujo zile zina kichwa cha nyota. Uthmani akachukua bisibisi yake ya saa, akaichonga kwa tupa mpaka nayo ikawa nyota. Akaivua kadi ya disiki ya Léonce. Akaweka kile kioo jichoni, akahamisha kidude kimoja cha miguu minane kutoka kadi iliyoungua kwenda kadi nzima, kwa risasi iliyoyeyushwa, nyembamba kama unyoya. Alisema kila disiki ina siri zake za kuzaliwa, na zinakaa kwenye kile kidude. Inzi alitua juu ya pua yake, akaona kazi ile, akaondoka kwa miguu ili asimsumbue.

"Mama," anasema Assia.

Andika.

Umeme ulipokuja, disiki ikaguna, ikazunguka. Mzee Léonce akapiga magoti. Lakini Uthmani hakufurahi haraka. Alinakili kwanza disiki zote tatu, neno kwa neno, kwenye disiki kubwa mbili alizoziazima madamu Adélaïde, kisha akazifunga zile za asili kabatini. "Za asili hazichezewi," akasema. "Ukikosea kwenye nakala, unarudia. Ukikosea kwenye asili, unalia." Kunakili kulikula siku tatu, maana umeme wetu ulikuwa wa saa nne kwa siku, na tena kwa mapenzi yake.

Jumanne asubuhi akazipanga nakala ndani ya ordinateri kwa utaratibu ule alioukuta sandukuni. Kwanza, pili, tatu, nne, na nafasi ya aliyekufa ikahesabiwa kutoka kwa wenzake. Majina ya salamu yakatokea. Akafungua moja. Tukasikia:

"Mi naitwa Aloys, nasalimia muke wangu Jovithe, mwambieni mbuzi... amejifungua salama mtoto wa kike... kilo arobaini... na askofu anamsalimia sana... mumlaze kwenye banda."

Mzee Léonce akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza. Assia akacheka, madamu Adélaïde aliyekuja kuangalia akacheka na mascara ya macho ikamtiririka, na mi kule uani niliziba mdomo kwa kitenge kwa sababu mama mkwe hacheki ovyo. Sauti zilikuwa zima, lakini zimekatwa vipande na kuunganishwa vibaya, salamu ya huyu ndani ya salamu ya yule.

Uthmani peke yake hakucheka.

"Zamu zimepinduka," akasema. "Wanawake wanatwanga bila mpango. Kuna mutu alizihamisha zikiwa kwenye sanduku. Na makaratasi ya namba, yaliyobandikwa juu yake? Hakuna hata moja."

"Kuna mipango mingapi?" akauliza madamu.

"Ishirini na nne. Kila mumoja unataka masaa mawili. Kwa umeme huu, miwili kwa siku. Siku kumi na mbili."

Tukahesabu vidole. Ndani ya siku kumi na mbili mlikuwa na Alhamisi mbili. Hakuna aliyecheka tena.

Jumanne alijaribu mpango wa pili pia. Ukatoa sauti kama kuku wanaosoma Kurani. Jumatano mchana akapumzisha kichwa juu ya meza, saa ya mkanda mwekundu mbele yake, inatembea. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Assia. Muulize mama, kwa heshima yote, kama kule biro kuna mutu aliyeshika hivi vyuma."

Moyo wangu uliruka mpaka ukagonga meno. Mi nilikuwa najua. Toka sanduku lilipolia piii nilikuwa najua, na siku zote zile niliogopa: kazi yangu, na uso wangu mbele ya mkwe wangu. Mama mkwe kuungama kwa mkwe! Heri nimeze tofali.

"Mama," akasema Assia kwenye pazia, "kuna mutu alishika?"

"Mwambie mume wako mi napangusa vumbi tu. Vumbi limekuwa haramu?"

"Anasema anapangusa vumbi tu."

"Nimesikia. Muulize, vumbi la juu ama la ndani?"

"Mama, la juu ama la ndani?"

"Vumbi ni vumbi!"

Mzee Léonce akakohoa. Yeye si mkwe wangu, yeye angeweza kusema. Akavuta kiti mpaka karibu na pazia.

"Mama Assia," akasema, "disiki yangu iko mule ndani imevuliwa nguo kwa ajili ya huyu kijana. Mi nimelala kwenye mkeka siku sita. Kijana anatafuta dada yake. Unajua kitu?"

Mi nikatazama kuku. Kulikuwa na kuku mmoja uani, mweusi, mwenye akili. Nikamwambia yule kuku, kwa sauti kubwa:

"We kuku, sikiliza nikuambie. Ile Jumatano umeme ulipokatika nilifungua lile sanduku. Mule ndani kulikuwa na makaratasi yamechakaa, yananing'inia kama kamasi. Mi sijui kusoma, nikaona ni uchafu, nikayasugua kwa sabuni mpaka yakatoka. Vile vyuma nikavichomoa vinne, nikavipangusa vizuri."

Huko sebuleni nilisikia kiti cha mzee kikisogezwa tena karibu.

"Endelea kumwambia kuku," akasema Léonce.

"Yule wa mwisho, upande wa ukuta, alikuwa moto. Homa! Nikamwonea huruma. Mgonjwa wa homa unamweka kwenye ukuta? Nikamhamisha upande wa dirisha apate upepo. Wale wengine watatu nikawasukuma kila mmoja nafasi moja, kuelekea ukutani. Basi. Hiyo ndiyo dhambi yangu yote, we kuku, na we usimwambie mutu."

Nilisikia kiti kikianguka. Uthmani alikuwa amesimama.

"Wa kwanza kumbe ni wa mwisho!" akasema. "Wengine wanafuatana! Assia! Mwambie mama..." Akakwama. Neno halikuwepo la kumwambia mama mkwe ambaye ameharibu na amerekebisha kwa pumzi moja. "Mwambie kuku asante."

Umeme ulikuwa umebaki saa moja na nusu, na mpango mmoja unataka mbili. Akazipanga nakala upya: yule wa dirishani akamrudisha ukutani. Tukangoja sote, mi na kuku uani, wao ndani. Programu ikatembea. Umeme ukapepesa macho mara mbili, na mara zote mbili mzee Léonce aliuambia, "Subiri, mutoto, subiri," nao ukasubiri.

Akafungua ile ya Aloys. "Mi naitwa Aloys, nasalimia muke wangu Jovithe, mwambieni mbuzi nimenunua, na mi nakuja." Imetulia, imenyooka, mwanzo mpaka mwisho. Askofu hayumo.

Kisha akatafuta salamu za Jumatatu ile. Akabonyeza.

"Halo? Halo? Hii kitu inasikia? Nizungumze? Haya. Mi Fatouma binti Rachidi, wa Buyenzi, namusalimia mdogo wangu Uthmani wa saa. Uthmani we! Nilikuambia saa kumi. Saa kumi, mutoto! Miaka tisa fundi gani anakaa na saa ya mutu? Sikiliza. Niko na meno yote isipokuwa mawili. Nakuja na malori ya Alhamisi, tarehe kumi na saba mwezi wa sita. Nitasimama pale wanaposhusha watu. Sitamuuliza mutu njia, nitasimama tu. Kama hauji na saa yangu, mi napanda lori lilelile narudi. Na usikonde. Nimemaliza. Wanasema nimemaliza."

Madamu Adélaïde, aliyekuwa ameingia akitoka kazini, akatazama kalenda ya ukutani.

"Kumi na saba," akasema. "Ni kesho."

Hapo Uthmani alipotewa na akili. Aliruka meza, akapita pazia kama halipo, akanikumbatia. Mi! Mama mkwe wake! Akaninyanyua toka chini na mimi nina miaka sabini na kilo zangu. Kuku akapiga kelele. Kisha akakumbuka nani alikuwa mikononi mwake. Yeye akafunika uso kwa mikono, mi nikafunika uso kwa kitenge, mzee Léonce, kwa kukosa cha kufunika, akafunika sufuria. Ndani Assia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mi nilichekea ndani ya kitenge kicheko ambacho watu wa mtaa wa Musaga walikisikia, wakafunga madirisha wakidhani ni radi.

"Mama, Musaga ni mbali."

Ndiyo maana nasema kilikuwa kikubwa.

Alhamisi tulikwenda wote: Uthmani mbele, na koti lake, Assia katikati, mi nyuma, hatua zangu za heshima. Malori yalikuja saa tisa, yamejaa magodoro na masufuria. Watu walishuka wanaitana. Uthmani alisimama na saa kwenye kiganja, amekiacha wazi kama anayelisha ndege.

Kutoka lori la tatu akashuka mwanamke mfupi, mnene, ana ndoo kichwani. Hakuiweka chini. Alimtazama Uthmani toka viatu mpaka jicho lile dogo.

"Umekonda," akasema.

"Dada."

"Nilikuambia usikonde. Saa iko wapi?"

Akampa. Fatouma akaiweka sikioni, chini ya ile ndoo, akafunga macho. Alisikiliza muda mrefu sana. Machozi yakamtoka, na ndoo haikutikisika hata kidogo. Kisha akafungua macho, akaangalia saa ya dereva wa lori.

"Inakwenda mbele dakika mbili," akasema.

"Apana, dada. Hiyo iko sawa. Ni dereva."

"Ni saa!"

"Ni dereva! Uliza watu!"

Wakabishana vile pale, wameshikana mikono, mpaka lori likaondoka bila mtu wa kurudi. Fatouma akanigeukia mi, akanitazama, akamuuliza mdogo wake:

"Na huyu mama anayechekea kwenye kitenge ni nani?"

Uthmani akatazama chini kwa adabu.

"Assia," akasema, "mwambie dada huyo ni nani. Mwambie na habari ya kuku."